Mashine ya Mkate Yenye Uso wa Kioo

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hapa hatujambo. Mama jirani anakusalimu sana, anasema bado anaikumbuka sufuria yake uliyoitoboa. Paka wako wa zamani amezaa tena, safari hii ndani ya gunia la unga, na Baba amekataa katakata asihamishwe. Baba yupo. Tangu wafanyakazi waondoke anawaokea watu wa mtaa huu tu, lakini tanuri la uani linawaka kila asubuhi kama zamani.

Mimi nina habari yangu. Hospitali wamenipandisha. Wanataka nikawe msimamizi wa chumba cha kufulia kwenye hospitali yao mpya, mji mwingine, na nyumba wananipa. Miaka yote hii nakunja mashuka ya wagonjwa, hatimaye kuna mtu ameiona mikunjo yangu. Nimewaambia wanipe muda nifikiri, ila moyo umeshafungasha.

Sasa sababu ya barua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukianza tunaishia kukatiana. Wewe unauza vyombo vya umeme vya jikoni, na mimi nataka mashine ya kuokea mkate nyumbani, ile unayotia unga, maji, chumvi na hamira, ikakanda, ikaumua na kuoka yenyewe humo humo. Nataka Baba aitumie nikiondoka, aachane na moto. Umri umekwenda.

Nisikilize vizuri. Nataka yenye vitufe vilivyotokeza, vya kubonyea, na viwe vichache. Nataka kengele yake ilie kwa nguvu. Chombo chake cha ndani kiwe na mpini unaoshikika. Urembo sitaki, rangi yoyote sawa.

Usiniulize mengi. Niambie tu kama ipo.

Dada yako


22 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisomea dukani nikacheka mpaka msimamizi wangu akanitolea macho. Hongera sana, ulistahili zamani. Msalimie mama jirani, mwambie sufuria ile ilikuwa imechoka yenyewe, mimi niliisindikiza tu. Msalimie paka na wanawe. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Kuhusu mashine, umemwandikia mwenyewe. Rafu ya mashine za mkate ni yangu hapa, mteja akiingia anaulizwa, "Umeshazungumza na yule?" Yule ndiye mimi. Na nakuambia kwa upendo, hiyo unayoitaka wewe imepitwa. Ya vitufe vya kubonyea tumebaki nayo moja, iko stoo, tunazuilia mlango usijifunge.

Siku hizi ni kioo. Uso wote wa juu ni kioo kitupu, laini, unagusa kidogo tu na taa zinawaka. Unachagua kati ya mikate kumi na miwili. Kengele yake ni ya upole, haimwamshi mtoto. Ina hata kisanduku cha kujimwagia njugu katikati ya kukanda. Soketi ya jikoni inafanya kazi, au bado mnatumia ile ya sebuleni yenye cheche? Nijibu hilo, maana hii inakula umeme.

Kusema kweli nilipoona ni ya nani nilirudia kusoma. Yeye? Aliyesema mbele ya wafanyakazi wake wote kwamba mikono yangu ni ya kuuzia, si ya kukandia? Haya, mikono ya kuuzia imeuza. Leo anahitaji kitu kutoka mikono hiyo hiyo. Dunia duara.

Mdogo wako, Muuzaji


5 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nimezifikisha zote, ya paka pia. Ila nimeipekua barua yako nikitafuta salamu moja sikuiona. Shikamoo umenipa mimi, mnyama umemkumbuka, ya Baba iko wapi? Nikikusoma yeye huketi kwenye kiti chake, anasikiliza, halafu anauliza, "Ndiyo mwisho?" Nimemwambia ndiyo mwisho. Usinitie tena katika hali hiyo.

Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi si mteja wako. Nimekuambia vitufe, unaniambia kioo. Nimekuambia kengele kali, unaniambia ya upole. Mikate kumi na miwili ya nini? Baba ameoka mkate mmoja maisha yake yote, na mtaa mzima umekua kwa mkate huo, wewe ukiwemo, tena wewe ulikuwa unakula pembe zote mbili. Soketi ipo, tumebadilisha.

Nani kakuambia ile ya stoo haifai? Mlango utafutieni jiwe, mashine nitumie mimi.

Hospitali wanataka jibu. Na siwezi kutoka nyumba hii tanuri likiwa linawaka na Baba yuko peke yake. Siwezi. Elewa hivyo, basi.

Dada yako


14 Mei

Dada, shikamoo.

Habari za huko? Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu dukani tulikuwa tunahesabu mali. Au niseme nilikuwa na hasira. Yote mawili ni kweli.

Usinifundishe kusalimia, Dada. Nilipoondoka na begi langu yeye alikuwa uani, ameshika koleo lake refu la kutolea mikate, mgongo kwangu. Nilisimama mlangoni nikasubiri. Wewe ulikuwa kazini, hukuona. Nilisubiri mpaka akatoa mikate yote na kupanga mingine, wala hakugeuka. Siku atakayogeuka, salamu yangu ataikuta pale pale.

Mashine nimeituma, ile ya kioo. Sikuweza kutuma ya stoo, nina jina langu hapa. Wenzangu wangesema nini, bingwa wa rafu anampelekea babaye kizuizi cha mlango? Tena nataka aione. Nataka aiweke juu ya meza ile ile ya kukandia aliyoniondoa, aitazame inavyokanda bila kufokewa na mtu. Aitazame vizuri.

Kitabu cha maelezo kimo ndani. Msimwage maji juu ya kioo.

Muuzaji


2 Juni

Wewe,

Leo salamu sina.

Mashine yako imefika, na nitakueleza ilivyokuwa ili ulale nayo. Baba aliposikia ni wewe umetuma, aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa aproni yake safi. Alinikataza nisilifungue boksi. Alilifungua mwenyewe, akaitoa mashine, akaiweka juu ya meza. Akaipapasa ubavuni, akaipapasa mgongoni, akaupata mfuniko, akaufungua na kuufunga. Akasema, "Nzito. Hii si ya kubabaisha." Alifurahi, unanisikia? Alifurahi. Kisha akatafuta pa kuwashia. Akapitisha kiganja juu ya hicho kioo chako, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayefuta vumbi. Kila alipogusa, mashine ililia kidogo na kubadilisha aina ya mkate. Akaniuliza, "Uso wake uko wapi?" Nikamwambia, "Ndio huo ulioushika, Baba." Akaondoa mkono.

Baba haoni. Haya, umesikia sasa. Ni presha ya macho, na daktari anasema kilichokwenda hakirudi. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata, naye akaendelea kuoka, maana unga anaupima kwa kiganja, na kama donge la unga limeumuka analijua kwa vidole. Hakuna mteja aliyegundua. Lakini moto haupimwi kwa vidole. Mwezi wa Februari aliingiza mkono tanurini akidhani limepoa. Mimi ndiye niliyemvua shati. Ngozi ya mkono wa kulia ilitoka na kitambaa.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Atadhani namwita kwa huruma." Ndiyo maana nikakuomba vitufe. Vitufe, mshenzi wewe! Nilikuomba kitu ambacho hata mtoto angenielewa, ukanitumia kioo ili kipofu akitazame vizuri.

Mashine imerudi kwenye boksi lake sakafuni. Paka analala juu yake.


9 Juni

Dada,

Mnanihesabu kama nani katika nyumba hiyo? Baba yangu anaungua mkono, mimi naandikiwa habari za paka kuzaa. "Baba yupo," unaniandikia. Yupo! "Umri umekwenda." Mficha maradhi kifo humuumbua. Mlikuwa mnasubiri nini, mniite mazikoni?

Ningejua, ningetuma kioo? Nijibu. Umeniacha nikaandika yale maneno na wewe unajua. Ulimsomea na hayo? Niambie hukumsomea.

Mteja amenisubiri leo mbele ya rafu nimeshindwa hata kumfungulia mfuniko. Nina hasira, na sijui nimpelekee nani.


21 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mkono wa Baba umekauka, umebaki na kovu linalong'aa. Mimi nimepoa kidogo, si sana.

Nilimsomea, yote. Yeye ndiye anayetaka yasomwe yote. Nikiruka neno anajua kwa jinsi ninavyovuta pumzi. Pale uliposema hakugeuka, alisema, "Ni kweli." Pale uliposema aitazame vizuri, alisema, "Soma mbele."

Unauliza mbona hukuambiwa. Kwanza nijibu wewe: uliuliza lini? Uliuliza soketi. Barua zako zote ninazo hapa mapajani, hakuna mahali umeandika, "Baba anaendeleaje?" Mwenye macho haambiwi tazama, na wewe unayo mawili mazima. Hebu niambie, mteja akiingia dukani kwako akaomba vitufe vilivyotokeza na kengele kali, akaomba tena, akasisitiza, humuulizi atakayeitumia ni mtu wa namna gani? Unambambikia kioo tu akaondoke nacho? Basi na huo uuzaji umekushinda.

Ndiyo, nimesema. Ukiisoma barua hii, usiku na wewe usilale.

Hospitali nimewajibu kwamba naenda. Naanza Agosti mosi. Nina haki ya kwenda, na sitaki mtu aniambie vingine, wewe wa kwanza. Mama jirani atampikia Baba na kumchungulia. Mwisho wa mwezi wa saba fundi mwashi atakuja kuziba mdomo wa tanuri kwa matofali, kwa sababu Baba na tanuri lililo wazi hawawezi kuachwa pamoja. Likiwa wazi ataliwasha, namjua, na wewe unamjua.

Nilipomwambia hakubisha. Afadhali angebisha! Alikwenda uani akaketi, ameuegemeza mgongo kwenye ukuta wa tanuri, na pale akakaa mpaka ukuta ukapoa. Mimi niliingia jikoni nikavunja sahani mbili kwa makusudi, halafu nikazizoa mwenyewe.

Mashine siombi tena. Fanya upendavyo.

Dada yako


10 Julai

Dada, shikamoo.

Barua hii si yako. Msomee Baba, kwa sauti, na usiruke neno.

Baba, shikamoo.

Bado nina hasira na wewe. Naanza na hilo ili usidhani nimelainika. Nilikuwa naamka kabla ya wafanyakazi wote, nalala baada yao, nikajua kila gunia na kila kuni, na wewe mbele yao wote ukasema mikono yangu ni ya kuuzia. Ulisema huku unacheka, nao wakacheka. Neno hilo nimehama nalo kila chumba nilichopanga. Kila mashine niliyoiuza, nilikuwa nakuuzia wewe.

Nina hasira nyingine kwa kunificha macho yako. Huruma gani? Unadhani ningekuja na shada la maua? Ningekuja tugombane, kama watu.

Hasira ya tatu inanihusu mimi mwenyewe, hiyo niachie.

Sasa mashine. Ile iliyokuwa stoo nimeichukua, na mlango tumeuwekea tofali. Nimebandika vifungo vya nguo kwa gundi juu ya vitufe vyake. Cha kuwashia kina kifungo kikubwa cha koti. Cha kuzimia kina kifungo kidogo cha shati, chenye matundu manne, utayasikia kwa kidole. Cha kuchagulia aina ya mkate nimekiziba kabisa, kwa kuwa wewe unaoka mmoja. Kisha nikajifunga taulo machoni nikaijaribu jikoni kwangu. Kwanza nilisahau kutia kile kipande kinachokanda, nikapika uji mgumu. Nikarudia, nikamwaga maji mezani badala ya kwenye chombo. Nikatukana, nikarudia tena, na mkate ukatoka. Kengele yake ni mbaya sana. Majirani wamenigongea ukuta.

Nimeula mkate huo, Baba. Si mkate wako. Ganda lake ni laini kama mashavu, chini una shimo, na hauna hata harufu ya moshi. Nilikasirika hapo hapo nikiwa natafuna. Nimewaambia watu wangapi kwamba ni sawa tu na wa tanuri?

Kwa hiyo siitumi. Naileta mwenyewe, pamoja na likizo yangu yote. Pia nimeomba kuhamishiwa kwenye duka letu lililo karibu na huko, wamekubali, kwa hiyo kila mwisho wa wiki nitakuwa nyumbani. Siku za kazi utatumia mashine, upende usipende. Siku nitakazokuwepo tanuri litawaka. Wewe utakanda, mimi nitashika moto, na mkono wako usivuke mdomo ule hata kidole. Na ukinisema tena mbele za watu, safari hii nitajibu.

Dada, hapa ndipo pako: mwambie fundi asije.

Mwanao


18 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Mama jirani anasema usithubutu kufika bila sufuria.

Nilimsomea Baba uani, kama ulivyotaka. Pale pa hasira ya kwanza akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja akakuta chumvi imekolea. Pale pa hasira ya pili akasema, "Anayo haki." Kwenye vifungo aliniomba nimletee shati lake, akakishika kifungo, akayahesabu matundu kwa ukucha. Kwenye mkate wenye shimo akasema ni ule mkono wa kukandia wa mashine unabaki ndani, mwambie autoe kabla haijaanza kuoka, mbona analia na jambo dogo.

Lakini tulipofika kwenye moto, alikasirika hasa. Nani kampa ruhusa huyu kugawa kazi kwenye tanuri langu? Anajua kuni zipi zinatangulia? Ataunguza mikate yote, atanitia aibu mtaa mzima! Alifoka mpaka paka akashuka kwenye boksi na wanawe. Sijamsikia akifoka hivyo tangu Februari. Nami nikavuta kiti nikamsikiliza kwa raha zangu.

Fundi nimemwambia asije. Ile mashine ya kioo naondoka nayo mimi. Ina mikate kumi na miwili, na mimi ndiyo kwanza naanza kuishi. Wewe nilikuwa nimekuandalia maneno mengine mabaya zaidi ya haya, nimeyaweka akiba, utayapata ukichelewa.

Nilipomaliza kusoma nikaikunja barua. Akauliza, "Ndiyo mwisho?" Nikamwambia ndiyo mwisho. Alikuwa ameketi ameelekea tanuri. Akanyanyuka, akakishika kiti chake, akakigeuza chote mpaka kikaelekea mlangoni, mlango ule ule uliposimama na begi lako, na macho yale hayaoni kitu. Akaketi. Akasema, "Marahaba."

Kisha akaniuliza kama nimeiandika. Nimeiandika. Njoo uisikie kwa masikio yako, maana mimi nimechoka kuwabebea salamu.

Dada yako